Johana Alivuta Kamba Mapema

Huku kwetu Kimulot asubuhi huanza na ndoo ya maziwa. Chepkirui hukamua. Mumewe Johana hupeleka maziwa barabarani. Kisha wote wawili huingia kwenye majani chai, na binti yao Dorine, mtoto wa miaka minne, hukaa ukingoni mwa shamba akiwatazama. Mimi ni jirani yao. Tunatenganishwa na ua mmoja tu, tena mfupi, kwa hiyo mengi ya haya niliyaona kwa macho yangu.

Dorine hakuwa akisikia vizuri. Ukimwita kutoka nyuma, hakugeuka. Maneno yake yalikuwa machache, na hata hayo tuliyaelewa sisi tuliomzoea. Wengine walisema ni mkaidi. Bibi yake alisema ataongea akikua. Chepkirui hakungoja akue. Alimpeleka hospitali akapimwa masikio.

Daktari alisema masikio ya mtoto bado yanasikia kidogo. Akiwekewa vifaa vya kusaidia kusikia, atasikia watu wakiongea, na atajifunza kuongea. Lakini wasichelewe. Mtoto hujifunza lugha akiwa mdogo, na mwezi ukipita bila kusikia maneno, umepita. Chepkirui alirudi nyumbani akiwa ameduwaa. Alikuwa ameonyeshwa kifaa chenyewe. Kilikuwa kidogo kuliko kidole chake gumba, na ndani yake kulikuwa na sauti za dunia nzima.

Vifaa hivyo havina bei ya sukari. Bonasi ya chai, yale malipo ya nyongeza ya mwisho wa mwaka, ilikuwa mbali. Zizini kulikuwa na mtamba mmoja mwenye mimba, aitwaye Lelgut kwa sababu mdomo wake ni mweupe. Johana alimpenda mtamba huyo kiasi kwamba mvua ikinyesha aliuliza habari zake kabla ya kuuliza kama nguo zimeanuliwa. Alimtazama Lelgut, akamtazama Dorine, akasema auzwe.

Sasa ni lazima nikueleze jinsi Johana anavyouza ng'ombe, maana bila hilo hutaelewa kosa lake.

Katika soko la ng'ombe la Ndanai, mnunuzi akitaja bei ndogo, Johana hamjibu. Humgeuza ng'ombe kichwa kielekee nyumbani, huvuta kamba, huondoka polepole. Hatazami nyuma. Mnunuzi humwacha afike karibu na lango, ndipo humtuma dalali amkimbilie. "Mzee, rudi tuongee." Hapo bei hupanda. Huo si ukorofi. Ndivyo soko linavyoongea, na kila mtu pale anaielewa lugha hiyo. Johana alikuwa bingwa wa kuvuta kamba, na alijua ni bingwa, na sisi majirani hatukuruhusiwa kusahau.

Chepkirui hakutaka Ndanai safari hii. Alitaka Lelgut amfikie mfugaji atakayemkamua, si dalali atakayemuuza tena kesho. Akaenda kwa Bilhah Waringa, muuza viatu wa pale senta. Wazazi wa Bilhah walitoka Nyeri zamani, lakini yeye alizaliwa hapa, na Kipsigis anaongea kutushinda baadhi yetu. Alikuwa amenunua na kuuza vitu vingi kwa mnada wa mtandaoni.

Mnada, kama ujuavyo, ni mauzo ambapo anayetaja bei kubwa kuliko wote ndiye anayechukua. Mnada wa mtandaoni ni uleule, ila watu hawakusanyiki uwanjani. Kila mmoja yuko kwake na simu yake. Bilhah alipiga picha za Lelgut, akaandika umri wake na miezi ya mimba. Mnada ungefunguliwa Jumatano na kufungwa Jumamosi saa kumi alasiri. Alimuuliza Johana kama angependa kuweka bei ya chini, yaani bei ambayo chini yake ng'ombe hauzwi. Johana alisema hakuanza kuuza ng'ombe jana, akakataa kuiweka. Bilhah akamsomea masharti yote. Johana akatikisa kichwa kukubali, kama tunavyotikisa vichwa matangazo ya kanisani yakiwa marefu.

Jioni ya Jumatano Chepkirui alikuja kwangu mbio na simu mkononi. Chini ya picha ya Lelgut paliandikwa idadi ya watu waliomtazama. Walikuwa zaidi ya mia tatu. Kanisa letu halijazi watu hao hata Krismasi. Walikuwa Narok, Keroka, Muhoroni, Londiani, na wote walikuwa wakitazama mdomo mweupe wa mtamba aliyesimama hapo nyuma ya jiko. Chepkirui aliniambia anaona kizunguzungu. Mimi pia niliona.

Johana hakuona kizunguzungu. Aliona bei. Ya kwanza ilikuwa elfu arobaini. Akasema hiyo ni bei ya mbuzi na mtoto wake. Ijumaa ilifika hamsini. Jumamosi asubuhi mtu mmoja wa Keroka aitwaye Onyiego alitaja elfu sitini na mbili, kisha kimya. Mtamba kama Lelgut haendi chini ya laki moja, hilo hata mimi nisiye na ng'ombe nalijua.

Chepkirui alimsihi mumewe angoje saa kumi.

"Ng'ombe yako ikitukanwa sokoni, unafanya nini?" Johana akamuuliza. "Si unairudisha nyumbani?"

Akabonyeza mahali palipoandikwa *futa mnada*. Simu ikamuuliza kama ana hakika. Alikuwa nayo tele. Ikamuuliza sababu, ikampa kadhaa za kuchagua. "Bei ni ndogo" haikuwemo. Akachagua "mnyama ni mgonjwa". Wakati huo Lelgut alikuwa akicheua kwa raha zake, mita chache kutoka alipokaa.

Kisha Johana akaweka kigoda kikitazama lango. Akaweka simu gotini. Akangoja kukimbiliwa.

Saa sita mchana kweli mtu aliingia langoni, akiwa na Bilhah aliyemwonyesha njia. Johana akanyoosha koti lake na kujifanya anatazama mawingu. Mgeni huyo alikuwa Mureithi, mfugaji wa Londiani. Alikuwa ameondoka kwake alfajiri aje amwone Lelgut kwa macho kabla mnada haujafungwa. Njiani simu ikamwambia kwamba ng'ombe ni mgonjwa. Kwa kuwa alikuwa amekaribia, akaona aje tu ampe mwenye ng'ombe pole.

Alisalimia. Akamkaribia Lelgut, akamshika masikio, akamtazama macho, akampapasa ubavu.

"Mzee, huyu anaugua nini?"

Johana akacheka kidogo, akataja laki na nusu. Aliamini wameanza kuongea Ndanai, yeye aanzie juu, mgeni aanzie chini, wakutane katikati.

Mureithi hakukasirika. Ningependa angekasirika, maana hasira Johana angeiweza. Alikaa, akapokea kikombe cha chai, akanywa nusu.

"Mimi nilikuwa nimeweka laki na ishirini kando," akasema. "Ningeitaja dakika za mwisho. Nani anaonyesha mfuko wake wote Jumatano, na mnada unafungwa Jumamosi?"

Johana akasema, "Basi toa hiyo laki na ishirini, uende naye."

"Hapana, mzee. Aliyekuwa mbele ni Onyiego wa Keroka. Nikinunua hapa kwa mlango wa nyuma, nimemwibia. Na wewe Onyiego umemwacha mchana. Mimi utaniacha saa ngapi?"

Mimi niliyekuwa nikichungulia juu ya ua nilishusha kichwa. Nimeishi miaka mingi, na sikuwa nimewahi kuona mtu akimtetea mshindani wake ambaye hajawahi kumwona uso. Nilisisimkwa.

Mureithi alishukuru kwa chai na kuondoka. Siku chache baadaye tulisikia amenunua ng'ombe mwingine huko Soin. Bilhah alibaki, na yeye hakuwa mpole.

"Ndanai ukivuta kamba, mnunuzi anakuona," alisema. "Anajua bado unaongea na yeye. Hapa ukifuta mnada, Onyiego haoni kamba. Anaona ukuta. Kitu anajua ni kwamba ulitoa neno, halafu ukalirudisha."

Aliwaeleza taratibu, na mimi nikavuka ua nisikie vizuri. Kufungua mnada ni kutoa ahadi: atakayetaja bei kubwa hadi saa ya mwisho atachukua. Watu wakishaanza kutaja bei, muuzaji hafuti kwa sababu bei haimpendezi. Anaweza kufuta ikiwa ng'ombe ameugua kweli, au amekufa, au muuzaji amegundua aliandika habari zisizo sahihi, na hapo lazima aseme ukweli. Akisingizia ugonjwa, huo ni uongo, na wanunuzi huja kuugundua.

"Na kama bei ni ndogo kweli mpaka mwisho?" Chepkirui akauliza.

"Hiyo ndiyo kazi ya bei ya chini. Unaiweka kabla ya kufungua, sio katikati. Isipofikiwa, ng'ombe inabaki kwako, na hujamdanganya mtu, kwa sababu kila mtu aliambiwa iko."

Jambo jingine alilosema Bilhah lilimwuma Johana zaidi. Bei za siku za mwanzo si bei. Ni watu wanaobisha hodi. Wanunuzi wenye nia hukaa kimya hadi dakika za mwisho, wasije wakapandishiana bei bure. Anayefuta mchana anakimbia mvua ya mahindi yake mwenyewe.

Jioni ujumbe uliingia kwenye simu. Waendeshaji wa mnada walikuwa wamepokea malalamiko. Johana alizuiwa kuuza kwa mwezi mmoja, na kando ya jina lake pakawekwa alama nyekundu, ili kila mnunuzi ajue aliwahi kufuta mnada bila sababu ya haki.

Chepkirui aliusoma ujumbe huo mara mbili. Dorine alikuwa sakafuni akicheza na vifuniko vya sufuria, akivigonganisha kwa nguvu, kwa maana kwake yeye havikuwa na kelele.

"Mwezi mmoja," akasema Chepkirui. "Baba Dorine, daktari alisema nini juu ya mwezi?"

Johana alitoka nje na hakurudi mpaka ugali ulipopoa.

Wiki iliyofuata alimpeleka Lelgut Ndanai. Madalali walikuwa wamekubaliana bei yao, na ilikuwa ndogo. Akavuta kamba. Akafika karibu na lango, hakusikia mtu. Akapita lango. Akafika barabarani, na hapo, kwa mara ya kwanza maishani, bingwa wetu alitazama nyuma. Hakuna aliyekuwa akimkimbilia. Walirudi nyumbani, yeye na ng'ombe wake, na siku hiyo hakutusimulia chochote.

Kilichofuata kilinishangaza zaidi, maana namjua Johana. Alimwomba Bilhah namba ya Onyiego. Akapanda mlimani penye mtandao mzuri, akapiga simu. Alimwambia ng'ombe hakuwa mgonjwa, alifuta kwa sababu ya bei, alikosea, anaomba msamaha. Onyiego alisema, "Sawa," akakata simu. Mazungumzo yote yaliishia hapo. Johana alishuka mlima akisema heri angetukanwa.

Mwezi ulipoisha walimrudisha Lelgut mnadani. Safari hii Johana alisikiliza kila neno. Walipiga picha mpya, na mojawapo ilionyesha kovu la mguuni ambalo mara ya kwanza walilificha. Waliandika jina la daktari wa mifugo aliyempima mimba. Waliwakaribisha wanunuzi waje wamwone. Waliweka bei ya chini, laki moja, baada ya Bilhah kuwauliza mitamba kama huyo inauzwaje kwa majirani. "Bei ya chini si ya ndoto," aliwaonya. "Ukiweka ya ndoto, utabaki na ng'ombe na ndoto."

Johana alikuwa na wazo moja tu la kale. Je, ndugu yake Kipkemoi hawezi kutaja bei kidogo kidogo, ili kuwaamsha wengine? Bilhah alimkazia macho mpaka Johana mwenyewe akasema basi, ameelewa. Kujitajia bei kupitia ndugu ni ulaghai, na waendeshaji wakiugundua wanamfungia mtu kabisa.

Mnada ukafunguliwa. Watu walimtazama Lelgut, kisha waliona alama nyekundu, wakapita. Alhamisi, hakuna. Ijumaa, mtu mmoja, elfu thelathini. Chepkirui aliacha kuja kwangu na simu. Jumamosi asubuhi nilimkuta amemkumbatia Dorine kwenye kibaraza, akimwambia kitu sikioni, polepole, karibu kabisa, kama kwamba angeweza kukisukuma kiingie.

Karibu na saa sita maneno yalitokea chini ya picha ya Lelgut. Yalikuwa ya Mureithi. Aliandika kwamba yeye alifika Kimulot akamshika mtamba huyu kwa mikono yake, naye ni mzima na ni mzuri. Aliandika kwamba mwenye ng'ombe aliwahi kukosea, lakini amesikia kwa Bilhah kwamba alimpigia simu mnunuzi na kumwomba msamaha. "Mimi nimeshanunua kwingine," alimaliza. "Sina faida hapa. Nasema nilichokiona."

Johana alisoma, akampa Chepkirui asome, akachukua tena, akasoma tena. "Huyu mtu," alisema, na sentensi ikaishia hapo. Alikuwa na machozi na hakuyaficha.

Saa tisa na nusu tulikuwa wote sebuleni kwao, mimi, Bilhah, wenyewe wawili, na Dorine kwenye mapaja ya baba yake. Bei ilikuwa sabini. Nje mvua ilianza kuteremka kutoka msituni Mau, na tukaomba mtandao usitutoroke. Johana alikuwa amempa Chepkirui simu. Alisema hauamini mkono wake.

Ilipobaki dakika tano, namba ilibadilika. Themanini. Kabla hatujapumua, tisini, mtu wa Narok. Tisini na tano, mama mmoja wa Muhoroni. Laki moja. Bilhah akasema kwa sauti ya chini kwamba bei ya chini imefikiwa, sasa Lelgut ameuzwa, kilichobaki ni kwa nani.

Saa ilipokaribia kufika, mtu mwingine akataja bei, na saa ikajiongeza dakika mbili. Mnada huo umetengenezwa hivyo, ili asiwepo wa kunyakua sekunde ya mwisho wengine wakose nafasi. Ikakaribia tena, ikajiongeza tena. Laki na kumi. Laki na kumi na tano. Sijui nikuelezeje. Tulikuwa watu wanne na mtoto katika chumba chenye viti vya mbao, na mbele yetu watu tusiowajua, katika miji tusiyowahi kulala, walikuwa wakibishana kwa heshima juu ya mtamba wetu. Chai ya Johana imekuwa ikipigwa mnada Mombasa tangu apande mche wa kwanza. Siku hiyo ndipo alipoona kwa macho jinsi bei inavyozaliwa. Mdomo wake ulikuwa wazi. Nadhani wangu pia.

Laki na thelathini. Saa ikaanza kushuka tena, na hakuna aliyeongeza. Ikafika mwisho. Simu ikaandika jina la mnunuzi: Onyiego wa Keroka.

Alikuja Jumatatu na pikapu iliyotandikwa majani makavu. Alikuwa mtu mfupi, mwenye maneno machache kama kwenye simu. Johana alishindwa kujizuia, akamuuliza kwa nini alirudi kwa mtu aliyemdanganya.

"Nimenunua ng'ombe miaka mingi," Onyiego akajibu. "Wamenidanganya wengi. Aliyenipigia simu kuniambia ni mmoja."

Alama nyekundu haijaondoka. Itakaa mwaka mzima. Johana haifichi. Akiwa na wenzake pale maziwa yanapokusanywa, mtu akisema anataka kujaribu mnada wa mtandaoni, yeye humtolea simu na kumwonyesha alama hiyo kwanza. Kisha humwambia: weka bei yako ya chini mapema, sema ukweli wote, halafu kaa mbali na kitufe cha kufuta. Humwambia pia kwamba mwezi ule alioupoteza haukuwa wake. Ulikuwa wa mtoto.

Wiki hiyohiyo walikwenda hospitali, nami nikaenda nao. Muuguzi alimweka Dorine kwenye kiti, akamvalisha vifaa, kimoja huku, kimoja kule. Akavizungusha vitu fulani vidogo. Kisha akawaambia wazazi wasimame nyuma ya mtoto, mahali asipoweza kuwaona, wamwite kwa sauti ya kawaida.

Chepkirui alishindwa. Aliweka mkono mdomoni akamwashiria mumewe. Johana alisogea hatua moja. Kisha akaliita jina la mtoto wake. Hakuliita kwa nguvu. Aliliita kama mtu anavyomwita mwenzake aliye karibu.

Dorine aligeuka.

Alimtazama baba yake usoni, akautazama mdomo wake, akangoja. Johana akaliita tena. Yule mtoto akaanza kucheka, na kila alipocheka alinyamaza kidogo asikilize, kwa sababu alikuwa hajawahi kujisikia akicheka.